Mkasi wa Mama Mkwe

Fundi cherehani huyu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo msije mkaniambia mambo haya hayakuwa. Alikuwa mjane, mkali kidogo wa maneno, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya marehemu mumewe. Mama mkwe wake naye tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma. Bibi huyo aliacha mbele ya mlango mti wa maua ya zambarau, kimo cha mtu, ambao huchanua mwishoni mwa msimu wa joto, maua mengine ya mtaa yakiwa yameshapukutika.

Bibi aliupenda mti ule kuliko watu. Kabla hajakata roho alitamka mbele ya ukoo mzima kwamba hauwezi kuchanua mikononi mwa mgeni. Binti yake, yaani wifi wa fundi, akaidaka kauli ile juu kwa juu.

"Mti usipochanua msimu huu, wifi yangu, utatupisha nyumba yetu."

"Na ukichanua?"

"Ukichanua, kaa mpaka uzeeke."

"Haya. Mmesikia wote," fundi akajibu. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Joto lilipokaribia akaupogoa mti mpaka usawa wa magoti, maana maua yake hutoka kwenye matawi mapya, si ya zamani. Akaweka samadi. Akamwagilia kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani. Machipukizi yakatoka, kisha matumba, madogo kama vifungo vya shati.

Siku moja, saa nane mchana, alikuwa akipinda sketi ya mteja aliposikia nje: kwach. Kimya. Kwach. Akatoka, hakuona mtu. Matumba sita yalikuwa chini, yamekatwa mshazari, juu kidogo tu ya kifundo cha jani. Mtaani alikuwepo mmoja tu aliyekata namna ile, naye yuko kaburini. Mkasi wa Bibi ulikuwa jikoni, kwenye msumari wake wa siku zote. Fundi akaugusa. Ulikuwa umelowa utomvu.

Kesho yake, saa ileile, kwach. Akaufungia mkasi kwenye sanduku la vitambaa, ufunguo akauvaa shingoni. Kwach. Akautumbukiza kwenye choo cha shimo, akausikia ukitua chini kabisa. Siku iliyofuata akatoa kigoda, akakaa kando ya mti, jua likiwaka.

Hakuja mtu. Tumba lililokuwa mbele ya pua yake likakatika lenyewe, likamwangukia mapajani. Kisha akahisi pumzi sikioni. Ilinuka mafuta ya kuchulia, yaleyale aliyokuwa akimpaka Bibi miguuni.

"Toka," ikanong'ona. "Mgeni, toka."

Aliogopa, tena sana. Lakini hakuinuka.

"Miaka kumi na mmoja nimekuogesha, Mama," akanong'ona naye. "Mgeni ndiye aliyekuogesha? Kata. Kata yote. Siondoki."

Kwach. Kwach. Kwach.

Sasa, hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Kwa chuki yake Bibi alisahau jambo alilolijua maisha yake yote: chipukizi likikatwa kichwa, hutoa mawili. Yeye alikata kila mchana, na mti ukazidi kunenepa. Fundi alimwagilia tu, meno kayauma. Joto lilipofikia ukingoni, matumba yalikuwa mengi kuliko ambayo mkono wowote ungeweza kukata, wa hai au wa maiti. Asubuhi ambayo wifi angekuja, mti ulikuwa zambarau tupu, hata majani hayaonekani.

Wifi alifika na mabegi mawili, tayari kuhamia. Akautazama mti. Akayashusha mabegi.

"Karibu chai, wifi," fundi akasema. "Mabegi yaache hukohuko nje."

Alipoingia ndani kuinjika maji, mkasi aliouzamisha chooni ulikuwa juu ya cherehani. Mkavu. Umepakwa mafuta. Umeachwa wazi. Akapeleka mkono kisogoni polepole. Msuko mmoja, kati ya ile aliyosukwa kwa uzi mwekundu, haukuwepo. Kilichobaki ni kishina kifupi, kimekatwa mshazari.

Hata hivyo alicheka, kwa sauti, ili asikike.

"Nywele nazo huota, Mama."

Msuko ule aliutafuta nyumba nzima asiuone. Msimu uliofuata, akipogoa, msumeno ulikwama kwenye shina nene. Alipolipasua aliukuta msuko humo, katikati ya mti wenyewe, shina limeota na kuufunika pande zote kana kwamba umekaa miaka ishirini. Uzi ulikuwa bado mwekundu.

Fundi akaukata mti mpaka usawa wa magoti, kama kawaida, akaenda kuchota maji.