Mteja wa Shuka la Kijani

Maji yalifunguliwa saa nne asubuhi kama kila siku, yakagonga chini ya karai, na Povu hakuja.

Paka yule wa miezi minne hakuwahi kuisikia sauti ile akabaki alipo. Alizoea kukaa ukingoni mwa karai akipigana na povu la sabuni, na jina lake lilitoka huko. Mama Dobi alifunga bomba, akamwita. Akalifungua tena. Kimya.

Alimkuta katika chumba cha pasi, juu ya kapu la nguo zilizokwisha kukunjwa, amelala ubavu kama anayeota jua. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa na jeraha, hakuwa ametapika, na mwili ulikuwa bado na joto. Ila Mama Dobi alipomwinua, mikono yake iliteremka. Jana alimpandisha begani kwa kiganja kimoja. Leo alikuwa mzito kama blanketi lililotolewa majini. Na ukanda wa kijani aliofungwa shingoni haukuwapo.

Nyumba ile ilikuwa ya udobi tangu enzi za baba mkwe. Mbele kulikuwa na dirisha pana la kupokelea nguo, na nyuma kulikuwa na ua wenye kamba sita. Waliokaa humo walikuwa watatu. Mama Dobi, aliyefiwa na mume mwaka mmoja na nusu uliopita, alifua. Wifi yake, dada wa marehemu, alipiga pasi. Wa tatu alikuwa binti wa Mama Dobi, mtoto wa miaka saba waliyemwita Kibanio, kwa jinsi alivyong'ang'ania gauni la mama yake kama kibanio kwenye kamba. Tangu baba yake afe, mtoto huyo aliongea kwa kutikisa kichwa tu. Povu alipoletwa, alianza tena kusema.

"Umempa nini?" Mama Dobi aliuliza.

Wifi hakuinua macho kwenye pasi. "Nimempa nani?"

"Usinifanye mjinga. Paka amekufa chumbani mwako."

"Kwa hiyo kila kinachofia chumbani mwangu nimekiua mimi? Nilikuwa namfukuza kwa ufagio, nakubali, maana manyoya yake yalikuwa yanahamia kwenye suti za watu. Lakini sumu mimi hata sijui inauzwa duka gani."

"Na ukanda wake? Nani kaufungua?"

"Muulize mwenyewe."

Walimzika nyuma ya tangi la maji. Kibanio alisimama amevaa gauni lake la kijani, hakulia, akatikisa kichwa alipoulizwa kama anataka kumwaga udongo. Mama Dobi ndiye aliyelia, kwa kwikwi, mpaka akashika ukuta.

"Kumbe machozi unayo," alisema wifi. "Kaka yangu hukumlilia hivi."

Siku ya msiba wa mumewe kulikuwa na wageni wa kupokelewa na mtoto wa kushikwa, na machozi yakaambiwa yangoje. Yalingoja mwaka na nusu. Nafasi ilipopatikana, aliyelala mbele yake alikuwa paka. Mwenyezi Mungu anajua mtu analilia nini hata pale mwenyewe anapoona haya.

Kuanzia siku ile hawakula sufuria moja. Mama Dobi alificha vikombe vyake na vya mtoto kabatini, akatembea na ufunguo kiunoni.

"Ufunguo huo utakuchubua," wifi alimwambia. "Sufuria nazo utazivaa wapi, kichwani?"

"Ijumaa isikukute hapa."

"Hii nyumba ni ya baba yangu."

"Basi nenda ukamwambie baba yako unaua viumbe vya watu."

Kesho yake mchana, jua likiwa utosini na ua ukiwa mtupu, Mama Dobi alisikia mtu akikamua nguo. Ni sauti aliyoijua kuliko sauti yake: kitambaa kinasokotwa, maji yanachuruzika, kisha kinakung'utwa mara moja, paa! Alitoka. Kamba zilikuwa tupu. Sakafu ya saruji ilikuwa kavu. Aliporudi ndani, ikaanza tena.

Siku ya tatu ilikuja harufu. Dobi yeyote anaifahamu harufu ya nguo iliyosahauliwa ndooni siku tatu, ila hii haikutoka ndooni. Ilitembea. Asubuhi ilikuwa mlangoni, adhuhuri ikawa kwenye ngazi, na alasiri Mama Dobi aliikuta imesimama chumbani, nyuma ya kiti alichokalia Kibanio.

"Mama," alisema mtoto polepole, "gauni linanibana."

"Unakua, mwanangu. Nitalipanua."

"Mbele halinibani. Kuna mtu analishika nyuma."

Mama Dobi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejitafutia nguvu, akapitisha mkono nyuma ya shingo ya mtoto. Hakukuta kitu. Lakini kitambaa kilikuwa kimevutika, kimekaza kama kamba iliyoanikwa nguo nzito, na mkono wake ulipotoka ulikuwa umelowa.

Jioni ile, mwadhini alipokwisha kuita na Mama Dobi alipokuwa amekunja mikono katika rakaa ya pili, alisikia kiti kikianguka, na ingawa hakupenda kuikata sala aliikata, kwa sababu baada ya kiti hakukuja kilio, kilikuja kikohozi kidogo cha paka, kile kile alichokuwa nacho Povu maji yakimwingia puani, na alipofika chumbani alimkuta Kibanio amelala ubavu sakafuni, macho wazi, mwili una joto, mkono mmoja ukikwaruza ukosi wa gauni, na alipomshika kwapani amwinue hakuinuka, akavuta tena, hakuinuka, mtoto wa miaka saba amekuwa mzito kama mablanketi yote ya mji yamelowa na kurundikwa mahali pamoja.

"Wifi!" Alisahau kila alichosema wiki ile. "Wifi, njoo, mtoto ananifia!"

Wifi alikuja na pasi mkononi, akaiweka chini popote. Walivuta wawili, wakaweza tu kumkalisha. Vifungo vya gauni vilikataa kufunguka. Mama Dobi alichukua mkasi. Mkasi uliteleza juu ya kitambaa kama unakata maji, na mtoto akakoroma.

Wifi alimshika mkono. Macho yake yalikuwa kwenye gauni, kana kwamba analiona leo.

"Hiki kitambaa umekitoa wapi?"

"Wifi, sasa hivi..."

"Nakuuliza. Umekitoa wapi?"

Mama Dobi aliinamisha kichwa. "Kwenye rafu ya juu. Lile shuka la kijani. Lilikaa mwaka mzima, mwenyewe hakurudi. Nilimshonea Kibanio, kipande kilichobaki nikamfunga paka, wafanane. Alicheka siku ile, wifi. Ilikuwa mara ya kwanza."

"Umeipitishia mkasi nguo ya mteja." Wifi aliongea kwa mnong'ono, kana kwamba kuna anayesikiliza dirishani. "Baba alikuwa anasema, nguo ya mtu ikae hadi ioze, tuirudishe imeoza. Na lile shuka nililipokea mimi. Alikuja alfajiri, mvua inamwagika. Aliniambia, 'Sina haraka. Nitalifuata.' Alipoondoka nikatoka kufagia maji barazani. Pale aliposimama palikuwa pakavu."

"Mbona hukuniambia?"

"Tangu lini mimi na wewe tunaambiana?"

Wifi ndiye aliyekimbia kumwita mwalimu wa chuo cha Kurani alichosoma Kibanio. Alikuwa mzee mfupi, mwenye sifa ya kuwasomea watu wakapona. Alikaa sakafuni, akashika kichwa cha mtoto, akasoma. Aliposoma kwa muda mrefu, midomo ya Kibanio ilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, ya upole, yenye maji ndani yake.

"Lilikuwa zima," ilisema. "Mlilikata."

Mwalimu aliacha kusoma. Alijifuta jasho, akawauliza wanawake wawili, nao wakamweleza yote.

"Nimewatoa majini wengi walioingia nyumba za watu," alisema. "Huyu hakuingia kwa uvamizi. Huyu ni mteja. Nisome nini kumfukuza mwenye mali aliyeifuata amana yake? Mungu ameamrisha amana zirudi kwa wenyewe, hakusema wenyewe wawe watu tu."

"Mwalimu, mtoto atakufa!"

"Basi mrudishieni. Na huo mkasi uweke mbali, mama. Mkasi ndio ulioleta haya. Fumueni."

Walifumua. Mwalimu alisoma, na wao, mmoja kushoto na mwingine kulia, walichokonoa mshono kwa ncha za sindano, uzi mmoja baada ya mwingine, vichwa vyao vikigusana, na kila uzi ulipotoka kifua cha Kibanio kilipanda zaidi. Bega lilipofumuka alivuta pumzi. Ukosi ulipofumuka alilia, kilio chake mwenyewe, na Mama Dobi alimwinua kwa mkono mmoja.

Hakuna aliyelala. Vipande vya gauni viliunganishwa tena kwa mishono midogo kabisa, Mama Dobi akavifua mara tatu, wifi akavipiga pasi. Shuka lilikamilika isipokuwa pembeni, pengo refu jembamba kama ukanda wa shingo ya paka. Hawakuulizana kile kipande kiko wapi. Walijua kimekwisha kuchukuliwa.

"Nitakaa mimi dirishani," alisema wifi. "Nililipokea mimi."

"Nililikata mimi," alisema Mama Dobi. "Wewe kaa na mtoto." Halafu akaongeza, kwa shida, "Nisamehe, wifi. Nilitaka awepo mtu aliyemuua."

"Nenda. Kunakucha."

Alikaa peke yake, shuka limekunjwa mbele yake. Alfajiri ilipopambazuka nusu, ile harufu ilipanda baraza ikasimama nje ya dirisha. Mama Dobi aliinamisha macho kwenye mbao za dirisha. Aliona tu vidole vikikunjua shuka, vyeupe, vyenye mikunjo ya mtu aliyekaa sana majini, vikipita juu ya mishono mmoja mmoja.

"Nimekosa," alisema. "Ilikuwa amana, nikaifanya yangu. Naomba unisamehe."

Vidole viliendelea kupapasa. "Mshono mzuri," ilisema ile sauti.

Angeweza kunyamaza hapo. Mtoto alikuwa anapumua. Lakini kuna swali lililomkaa kooni tangu asubuhi ile ya karai, na anayefiwa ghafla hana raha mpaka aulize.

"Yule paka. Alikuwa na kosa gani?"

Vidole vilisimama. Ilionekana kama mwenye vidole anafikiri, kama mtu aliyeulizwa jambo dogo lililomtoka akilini.

"Hakuwa na kosa," alijibu. "Alikuwa amevaa. Nilivuta changu."

Basi. Hakukuwa na chuki wala sumu, hakukuwa na maana nyingine yoyote ambayo Mama Dobi angeweza kuishika na kuifanyia hasira. Alijifunika uso kwa mtandio. Alipoufunua, shuka halikuwapo, na baraza lote lilikuwa limelowa umande isipokuwa mahali pamoja.

Kibanio aliamka saa mbili akiwa na njaa. Alikula mkate mzima, akauliza kama paka hufufuliwa siku ya mwisho. Mama yake alimwambia hajui, ila anayejua ni Mwenye kurehemu. Mtoto akasema, "Basi nitamwombea," na ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote za wiki ile. Wanawake wawili walikunywa chai kutoka birika moja. Wifi alisema chai haina sukari, Mama Dobi akasema hata ulimi wake hauna, wakacheka mpaka wakaona aibu.

Kisha wifi alikwenda mbele kufungua dirisha la wateja.

"Wifi," aliita. "Hebu njoo."

Juu ya mbao za dirisha palikuwa na furushi. Lilifungwa vizuri, fundo limekaa katikati, na ndani kulikuwa na nguo nyingi za kila namna, za wakubwa na za wadogo sana. Mama Dobi aliingiza mkono. Zilikuwa zimelowa, na zina joto, kama zimevuliwa sasa hivi na waliokuwa wamezivaa.

"Ameridhika," wifi alinong'ona. "Amerudi na za nyumbani kwake."

"Turudishe."

"Turudishe wapi?"

Nyuma yao Kibanio alikuwa anakuja, akiburuta kiti ili apande aone. Mama Dobi alilibeba furushi juu ya kichwa, mbali na mikono ya mtoto, akaelekea uani na kufungua bomba.

"Alama tuzitie uzi gani?" wifi aliuliza. Kila mteja alikuwa na rangi yake ya uzi, nguo zisichanganyike.

"Hizi hazihitaji uzi," alisema Mama Dobi, akikunja mikono ya gauni lake. "Hakuna atakayesahau ni za nani. Wewe hesabu vifungo."