Jina Ndani ya Draiva

Kompyuta ilishika mtandao wakati kadi yake ya waifai ikiwa mkononi mwa Didas.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la Mlandizi likichoma bati za chuo. Alikuwa ameifungua kompyuta kuukuu ya maktaba na kuichomoa kadi ili aisafishe. Alipotupa jicho kwenye kioo, orodha ya mitandao ilikuwa na jina moja tu, lenye mstari mmoja wa nguvu ya mtandao: ABDULWAHAB.

Abdulwahab alikuwa fundi mwenzake, na alizikwa kijijini kwao Msimbu masika yaliyopita.

Kadi zile zilikuwa za zamani, na mfumo mpya ulioletwa chuoni ulizikataa zote. Abdulwahab alikesha miezi mitatu akiandika draiva, yaani programu ndogo ya kuufanya mfumo uitambue kadi, mpaka kompyuta arobaini zikapata mtandao. Didas akalifuta jina lake mle ndani na kuandika la kwake. Kisha akamnong'oneza mkuu wa chuo kwamba mwenzake anaiba vifaa. Abdulwahab alifukuzwa mbele ya wanafunzi, akarudi kwa mama yake na kifua kibovu, na hakuinuka tena.

"Kaka Didas, unasikia harufu hii?" Laurensia, karani wa chuo, aliuliza kwa sauti ya chini akiwa mlangoni. "Kafuri. Kama kuna maiti inakafiniwa."

"Dawa ya mende hiyo," akajibu.

Kesho yake mistari ikawa miwili, na jina likaonekana kwenye kompyuta zote. Siku ya tatu ikawa mitatu. Siku ya nne, alipokuwa akipita katikati ya meza za maktaba, mashine zote zikiwa zimezimwa na swichi kuu imeshushwa, akasikia kikohozi anachokijua kikianzia kwenye kompyuta ya nyuma kabisa, kikahamia inayofuata, kikaja meza kwa meza pamoja na ile kafuri na harufu ya udongo mbichi, mpaka kikamfikia mgongoni, na pumzi ya baridi ikamgusa shingo, na vioo vyote vikawaka kwa mpigo vikionyesha jina lile lile, mistari imejaa.

Hakurudi hata kuchukua koti. Alipanda bodaboda moja kwa moja hadi Msimbu.

Bi Mwanajuma, mama wa marehemu, alikuwa uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Nilikutegemea juzi."

Didas akapiga magoti. "Mama, mwambie mwanao aniache."

"Mwanangu amelala, usimsingizie." Kisu hakikusimama. "Huyo ni jini wa ukoo wetu. Alimlea Abdulwahab tangu akiwa anatambaa. Nilimwomba kitu kimoja tu: amtafute mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kazi ya mwanangu. Limeandikwa la nani?"

Didas aliinama. "Langu."

"Basi hakukosea njia."

"Nitalifuta, mama! Leo hii hii. Nitarudisha la Abdulwahab, nitakiri mbele ya watu wote."

"Futa," akasema kwa upole uliomtisha kuliko matusi. "Ukishalifuta, jina lako litakuwa la huyo jini."

Hakumwelewa, wala hakungoja kumwelewa. Jioni ile alikaa na Laurensia, wakapita kompyuta moja moja, wakilifuta jina la Didas na kuandika la Abdulwahab. Walipomaliza ya arobaini, harufu ikakatika. Laurensia akamshukuru Mungu kwa sauti.

Asubuhi wafanyakazi na wanafunzi walikusanyika uwanjani. Alisimama mbele yao, moyo ukiwa mwepesi.

"Abdulwahab hakuwa mwizi," alianza. "Mwizi ni mimi. Mimi..."

Alitaka kutaja jina lake. Akafungua mdomo tena, jina halikuja. Akamgeukia Laurensia, aliyefanya naye kazi miaka sita.

"Niite," akamsihi. "Tafadhali, niite kwa jina langu."

Laurensia akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, kaka," alisema. "Kwani wewe ni nani?"