Usikate

Aruna aliitwa saa kumi na moja jioni, akaenda huku akinung'unika. Amri ya kutotembea ilianza saa moja, na mwaka ule wa kumi wa vita askari wa barabarani hawakuuliza mtu jina mara mbili. Lakini aliyemwita ni Biasha, na Biasha hakuwa mtu wa kusumbua watu bure. Tena fundi wa kompyuta Rumonge nzima alikuwa Aruna peke yake, na mtu wa sifa hata miguu ikikataa huenda.

"Mashine iko pole, fundi," Biasha alimwambia mlangoni. "Iko pole mubaya. Siku ya tatu hii nangojea foto moja tu."

"Foto ya nani, Mama Nafisa?"

 Aliinamisha kichwa, na Aruna akaelewa.

Mumewe, Assumani, alikuwa mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Miezi minane kabla, basi dogo alilopanda lilisimamishwa na watu wenye silaha karibu na Gitaza. Watu kumi na wawili walizikwa. Assumani hakuonekana, wala mzima wala maiti. Sasa, siku tatu zilizopita, barua ilikuwa imeingia kwenye kompyuta kutoka kwenye anwani yake mwenyewe. Haikuwa na neno hata moja, ila picha tu. Na kila jioni picha ilifunguka kutoka juu kiasi cha vidole vinne, ikaganda. Vidole vinne vya majani ya michikichi, basi.

"Nataka kujua chini kule iko nani," Biasha alinong'ona. "Kama ni yeye. Kama anapumua."

Aruna alimhurumia kwa kweli. Akavuta kiti, akaanza kazi. Alifuta takataka zilizojazana ndani ya mashine. Alitafuta virusi, hakupata. Akazima, akawasha, akaunganisha upya. Modemu ikapiga mluzi wake mrefu, na Biasha akaifunika haraka kwa kitenge, maana magharibi ilikuwa inaingia.

"Mluzi ndani ya nyumba saa hii, fundi! Unaita nini?"

"Mashine inasalimia mwenzake, mama. Majini hawana intaneti," Aruna akacheka.

Alicheka peke yake. Picha ilishuka vidole vinne, ikaganda.

"Kuna simu ingine kwenye laini hii?"

"Iko chumbani. Hakuna anayeigusa."

Aruna akaikata intaneti, akaenda chumbani, Biasha nyuma yake, akanyanyua mkono wa simu ili asikilize kama laini ni safi.

Laini haikuwa safi.

Kulikuwa na upepo ndani yake. Majani makavu yakisuguana... Na mtu akihema, kama aliyebeba mzigo mzito kilima kizima.

"Allo? Nani uko kwenye laini ya watu?"

 Kisha sauti ya mwanamume, chini sana.

"Usikate..."

"Sikati, baba. Sema."

"Usikate... usikate..."

Basi Aruna, mtu wa adabu, hakuikata simu. Aliulaza mkono wa simu juu ya kitanda, polepole, ili huyo mtu aendelee kungoja. Akamgeukia Biasha akamwambia jambo lenyewe ni dogo: kuna jirani anaiba laini, ndiyo maana picha haishuki. Akatoa koleo mfukoni, akatoka uani.

Aliuona chini ya paa. Waya mweusi, mwembamba, umeungwa kwenye waya wa simu, umeshuka ukutani mpaka chini. Haukuelekea kwa jirani yeyote. Uliingia ardhini.

Aruna akauvuta kidogo. Ulikuwa na joto. Ulinuka mawese yaliyochacha, na chini ya mawese kitu kingine, kile walichonusa watu wote siku ile ya kuzika maiti za Gitaza.

Waya ukamvuta na yeye.

Mara moja. Mara mbili. Taratibu, kama mtu anayekugusa shati ili umsikilize.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini mwoga gani hukumbuka wahenga? Aruna aliogopa. Akafumba macho, akabana koleo.

Tak.

Ndani ya nyumba Biasha akapiga yowe.

Alimkuta ameketi kitandani, simu sikioni, machozi yanamtiririka.

"Alikuwa yeye," akasema. "Ameniita, 'Mama Nafisa.' Akaniambia, 'Mwambie fundi asikate.' Asikate waya, Aruna... Kisha nikamusikia anaanguka."

Aruna aliirudisha simu mahali pake. Miguu ilimrudisha kwenye kompyuta, akaunganisha tena, sijui kwa matumaini gani. Na sasa mashine ilikwenda vizuri. Picha ilishuka yote kwa pumzi moja.

Lilikuwa shamba la michikichi, kule Kizuka au pengine. Wanaume walisimama mstari mmoja, wameinama, kila mmoja na mkungu wa ngazi, matunda ya mchikichi, kichwani, macho yao meupe. Mmoja alikuwa Kabwe, dereva wa basi lile la Gitaza. Aruna mwenyewe alikuwa amemteremsha Kabwe kaburini.

Mbele yao Assumani alilala kifudifudi kwenye matope. Kipande cha waya mweusi kilikuwa kimebaki mkononi mwake.

Ni nani aliyewapiga picha, na waya ule Assumani alikuwa ameupata wapi, hakuna anayejua mpaka leo. Wazee wa pwani ya ziwa wanajua wachawi huchukua watu ambao wenzao wanadhani wamekufa, wakawalimishe mashamba. Hawajui kama anayechukuliwa anaweza kurudi.

Mashehe na mawifi walikuwa wamemsihi Biasha miezi minane akae eda, akawa anakataa: hajafiwa. Sasa aliisogelea kompyuta, akaiangalia picha muda mrefu, akavua bangili zake moja moja.

"Iko saa ngapi, fundi?"

"Saa kumi na mbili na robo."

"Basi mume wangu amekufa saa kumi na mbili na robo," alisema Biasha, akajitanda nguo yake usoni.