Jina la Kubanwa

Kavetsa aliaga ofisini kwamba anaenda mtaa wa Lindi kununua omena, vile visamaki vikavu. Omena, na Kawangware nzima inanuka omena! Lakini mwenye wivu haulizwi njia. Miguu yake inajua.

Ulikuwa mwaka wa mvua ya El Nino. Hapo Kabiro, ndani ya Kawangware, palikuwa na chumba kimoja cha mabati ambapo wazazi walikuja kuandikiwa imeli kwa watoto wao walioko ng'ambo. Kavetsa ndiye aliyefagia chumba hicho kabla hakijapata hata meza. Akachapa barua za watu mpaka vidole vikaota sugu. Halafu akaja Seline, msichana wa juzi, mashavu kama mandazi, na Vincent mwenye ofisi akamkalisha mbele ya seva, ile mashine iliyokusanya barua za mchana kutwa na kuzituma jioni kwa simu moja.

"Hapa ndipo unaiambia ibane," Vincent alimwelekeza, ameinama mpaka kidevu kinagusa nywele za Seline. "Neno likijirudia, inaliandika mara moja tu. Hayo mengine inayawekea alama. Mzigo unakuwa mdogo, simu inakuwa fupi."

"Na kule zinakofika?"

"Mashine yao inafungua. Kila neno linarudi mahali pake."

Kavetsa alikuwa nyuma yao, ameshika chai ya Vincent. Hakuna aliyegeuka kuipokea. Ikapoa mkononi.

Ndiyo maana Lindi. Ndiyo maana chumba cha Amondi, mama wa miti shamba, chenye harufu ya moshi na kitu kingine kilichooza polepole.

"Unataka afe?" Amondi alinong'ona.

"Aondoke tu kwa kile kiti."

"Wote husema hivyo." Akatema mate kando. "Giza likiingia, ukiitwa na mtu usiyemwona, unafanya nini?"

"Nangoja aite tena. Mtu huita mara mbili. Kile kingine... huita mara moja."

"Na ukiitika ile moja?"

Mtoto yeyote aliyelelewa na nyanya alijua jibu: kinakuchukua.

"Basi mashine yenu, kama unavyoniambia, inakula marudio," Amondi akasema. "Ijaze jina la huyo msichana. Ibane, libaki moja. Itume barua hiyo mahali pasipo na mtu wa kuifungua."

Aliporudi Kabiro wenzake walikuwa wamekwenda. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati. Akakalia kiti cha Seline. Kilikuwa na joto bado.

Seline Seline Seline Seline... Akajaza ukurasa. Akabuni anwani, jina la mtu asiyekuwepo, mahali pasipokuwepo. Akaiamuru ibane, kama alivyomsikia Vincent. Akabonyeza.

Mashine ya simu ikalia. Krrr... iiii... krrr...

Kimya.

Ikaja harufu ya udongo. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi.

Halafu seva ikakoroma yenyewe. Barua imeingia. Sasa, hili hakuna aliyewahi kumfundisha Kavetsa, na yeye kwa kiburi hakuuliza: imeli isipompata mwenyewe, humrudia aliyeituma. Alama juu ya alama, haikufunguliwa. Na juu kabisa, palipoandikwa inakokwenda, jina la Kavetsa mwenyewe.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nje ya mlango mtu akaita.

"Kavetsa."

Ilikuwa sauti ya Vincent. Tamu, ya chini, jinsi alivyokuwa akimwita Seline. Jinsi ambavyo hakuwahi kumwita yeye, hata siku moja.

Moyo ukaruka mbele ya akili.

"Eeh! Niko hapa!"

Nje hapakuwa na mtu.

Na hakuitwa tena.

Asubuhi walimkuta kitini. "Niaje, Kavetsa?" Vincent akamsalimia.

"Poa."

Hakuna lingine. Tangu siku hiyo alisema kila neno mara moja. Ukimwambia arudie, mdomo unafunguka, sauti haitoki. Akichekeshwa, anatoa "ha" moja, basi. Kanisani wenzake wakipiga makofi, yeye kofi moja. Na alikuwa akipungua. Si kukonda, kupungua, kama nguo inayokunjwa na kukunjwa tena. Ndugu zake wakaja wakamchukua kwenda kwao Vihiga. Vincent alisema ni malaria ya kichwa. Amondi angeulizwa, lakini mafuriko yalikuwa yamebeba chumba chake, na yeye hakuonekana tena Lindi.

Jioni moja, mvua imepungua, Seline alikuwa anabana barua za siku. Vincent amekaa karibu naye, kikombe cha chai moto mkononi. Mlango ukagongwa.

Ngo.

Watu hupiga hodi mara tatu. Vidole vya Seline vikasimama.

"Vincent," sauti ya Kavetsa ikaita kutoka nje.

Seline akamziba mdomo kwa kiganja. "Ngoja," akanong'ona. "Ngoja aite tena."

Vincent akautoa mkono ule, anacheka. "Wacha mambo ya nyanya yako! Si ni Kavetsa? Kumbe amepona." Akainua sauti. "Ingia, mama! Niko hapa!"

Mlango haukufunguka. Harufu ya udongo ikajaa chumba.

Seline akamgeukia. "Vincent? Vincent?"

"Eeh," akajibu.

Akamwita tena. Mdomo wa Vincent ukafunguka, sauti haikutoka.

Chai mkononi mwake ilikuwa imepoa.