Fundi Hupanda Gari Lake

"Ukikosea bolti moja," Mageni alisema, "nitakuzika chini ya gari hilihili."

Alikuwa amechuchumaa. Mtutu wa bastola yake ya Browning ulikuwa umepenya chini ya chesisi, shubiri moja kutoka pua ya fundi.

Fundi hakuacha kukaza.

"Shikamoo, bosi."

Mageni hakuitikia. Alikuwa na kiburi hicho, cha kuamkiwa asiitikie, na mtu wa namna hiyo huna haja ya kumchunguza zaidi. Tangu machimbo ya Geita hadi Kahama hakuna mchimbaji asiyemjua. Alinunua dhahabu kwa bei ya kudhulumu, akaivusha mpakani kwa magendo, na aliyefungua mdomo alikutwa ndani ya shimo refu, kimya.

Pikapu ilikuwa Toyota Land Cruiser. Mwaka ulikuwa 1983, nchi nzima inapanga foleni ya sabuni, lakini ndani ya gereji ile ya Nyasubi, Kahama, kulikuwa na winchi ya Warn ya kulivuta gari likizama, shokapu za Koni, taa nne za Hella na tairi za Michelin ambazo hazijawahi kugusa vumbi. Fundi alikuwa ameongeza majani matatu ya chuma kwenye springi za nyuma. Alichomelea ngao ya mbele kwa bomba nene kiasi cha kuangusha ukuta. Akapandisha bomba la hewa hadi juu ya paa, gari livuke mto injini isinywe maji.

Lilibaki tangi. Mageni alitaka la zamani ling'olewe, liwekwe jipya la kuundwa palepale, lita mia na ishirini.

"Jumapili alfajiri naondoka," Mageni alisema, akainuka. "Lisipokuwa tayari, usiwaage wanao. Nitakwenda kuwaaga mimi."

Akatoka.

Fundi alisubiri mlio wa viatu vyake ufe. Kisha akajivuta hadi kwenye betri mbovu ya lori iliyokuwa kwenye kona, akafunua kifuniko. Ndani hamkuwa na tindikali. Mlikuwa na redio ya siri, ya kuzungumza na wakubwa zake wa usalama.

"Ghala, hapa Seremala."

"Sema, Seremala."

"Jumapili alfajiri. Anapitia Ushirombo kumchukua Delvaux, mahali gani hajasema."

"Bahasha?"

"Anayo Delvaux. Haachani nayo hata msalani."

"Ikivuka mpaka, watu wetu saba wamekwisha. Unajua jina la tatu."

"Najua."

Alijua sana. Gereji ilimjua kama Donatus, lakini jina lake lilikuwa Athanas Bujiku, na jina la tatu katika bahasha ile lilikuwa la Limi Bujiku, dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa ng'ambo akihudumu kwenye hoteli moja na kusikiliza wanunuzi wa dhahabu wakilewa. Karani msaliti aliyeuza majina hayo alikamatwa Jumanne. Aliwahi kuungama kwamba ni saba, kisha akanywa sumu. Kuwatoa wote saba kulihitaji wiki. Delvaux, mamluki aliyeinunua orodha, alihitaji siku moja tu kuifikisha ng'ambo.

"Tuweke kizuizi?" Ghala iliuliza.

"Mliweka Tinde."

Tinde pikapu hiyo ilipita juu ya kizuizi na juu ya Felician, askari wa zamu, baba wa watoto wanne. Na wakati ule haikuwa na ngao. Athanas alimchukia Mageni tangu siku ile, chuki ya kukosesha usingizi, na alishukuru kila siku kwamba uso wa fundi huwa na grisi.

"Gari litazima lenyewe," alisema. "Kilomita ishirini na tano baada ya Ushirombo. Mje nyuma na lori la pamba."

"Litazimaje?"

"Nyie njooni."

Akafunga kifuniko, akachukua msumeno wa chuma. Ndani ya tangi jipya kulikuwa na bomba la kunyonya petroli, refu hadi chini kabisa. Akalikata lifupike. Mageni angejaza lita mia, ndizo alizokuwa nazo, lakini thelathini za juu tu ndizo zingefika kwenye injini. Sabini za chini zingebaki zimelala, na mshale wa geji ungeendelea kusema petroli ipo tele. Kwa gari lile, lita thelathini ni kilomita mia na ishirini. Ushirombo ni tisini na tano. Akachomelea tangi, akalipaka rangi, akalala usingizi wa kwanza wa maana baada ya mwezi mzima.

Jumapili, jogoo wa pili, Mageni alilizunguka gari mara mbili. Akapiga teke tairi. Kisha akafungua mlango wa abiria.

"Panda."

"Mimi, bosi?"

"Wewe, au kuna fundi mwingine hapa? Kwetu sisi wenye magari, fundi hupanda gari lake safari ya kwanza. Kama umelegeza kitu, tufe wote."

Desturi hiyo Athanas aliijua tangu utoto. Wenye malori wa Shinyanga hawakubali vinginevyo. Aliijua miaka yote, halafu akaisahau siku moja tu, siku ambayo hakupaswa. Redio alikuwa ameiacha ndani ya betri, na mfukoni alikuwa na spana moja, namba ishirini na nne.

Akapanda.

Pikapu ilikimbia kama haijui matuta. Saa mbili waliingia Ushirombo, waumini wakitoka misa ya kwanza, akina mama wamejifunga vitenge vya sikukuu. Delvaux alikuwa amesimama nyuma ya ghala moja. Mrefu, mwekundu shingoni, bunduki ya FN begani, mfuko wa shati umevimba kwa bahasha. Miguuni pake kulikuwa na madebe mawili ya petroli.

Athanas akayaona madebe. Akapiga hesabu haraka.

"Hii ni nani?" Delvaux aliuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha.

"Fundi. Bima yangu," Mageni alisema. "We Donatus, mimina hayo madebe."

"Tangi lina petroli ya kutosha, bosi. Geji hiyo hapo."

Mageni akamzaba kofi. "Nimekuuliza geji?"

Athanas akamimina. Lita arobaini. Kila tone lililoingia liliinua petroli juu ya lile bomba lililokatwa. Mipango si matumizi. Lita arobaini ni kilomita mia na sitini, na kutoka pale hadi mpakani ni mia na hamsini. Gari lile halingezima popote ndani ya Tanzania. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemimina kifo cha Limi.

Delvaux akakaa dirishani, Athanas katikati, mtutu wa FN ubavuni mwake. Kilomita ishirini na tano zikapita. Injini ikanguruma raha mustarehe. Thelathini. Mageni akaacha barabara, akaingia njia ya majangili, na lori la pamba huko nyuma likawa halina maana tena, maana njia zile zilikuwa nyingi na hakuna aliyejua yao ni ipi.

Basi nitalisimamisha mimi, Athanas aliwaza.

Saa sita wakafika bondeni. Mvua ya juzi ilikuwa imelainisha udongo mweusi wa mbuga. Kulia palikuwa na matope yaliyoanza kukauka na kupasuka. Kushoto majani mabichi, mazuri, yamesimama wima.

"Wapi?" Mageni aliuliza.

Mchunga ng'ombe yeyote angecheka. Majani mabichi vile hunywa maji yaliyotuama chini. Lakini Mageni alikulia madukani, na mwenzake alitoka huko alikotoka.

"Kushoto, bosi. Kulia tutazama."

Mageni alimtazama sana. Fundi yumo garini, atajizamishaje? Akakata kushoto.

Pikapu ikazama hadi kwenye ekseli.

"Mbwa wewe," Delvaux alisema, akaiweka FN sawa.

"Kuna winchi," Athanas alisema upesi. "Dakika kumi. Ukiniua, waya utavuta wewe kwenye matope haya?"

Mageni akaguna. "Shuka. Delvaux, ukimwona anakimbia, mpige."

Athanas akatokea dirishani, akimpita Delvaux, akavuta waya. Mbele yao kulikuwa na miti mitatu. Miwili ilikuwa mibichi. Wa tatu, mkubwa kuliko yote, ulikuwa mninga mkavu, gome zima kwa nje, lakini shinani mchwa walishajenga. Akaupiga ngumi kwa siri. Ukalia mtupu.

Akafunga waya juu kwenye mti huo, mbali na shina lililoliwa. Akasema kimoyomoyo jina la dada yake.

"Tayari! Vuta, usiachie!"

Mageni, usukani mkononi, akabonyeza swichi. Waya ukakaza. Mti ukalia. Delvaux ndiye aliyeelewa kwanza, akausukuma mlango, lakini ulikuwa umekwama kwenye matope.

Mninga ulianguka juu ya paa.

Kioo kilimwagika. Athanas alikuwa ameshalala chini. Alipoinuka, Delvaux alikuwa anatambaa juu ya boneti, damu usoni, akitafuta kifyatulio. Risasi moja ikapita juu ya sikio la Athanas. Ya pili haikutoka, kwa sababu spana namba ishirini na nne ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mkono wake, kisha kwenye kisogo. Delvaux akalala.

Ndani, Mageni alikuwa amebanwa mapaja. Browning ilikuwa imezama mahali fulani kwenye tope.

"Nitoe," alisema. "Donatus, nitoe. Taja unachotaka."

"Utatolewa na watu wa lori. Nitawaonyesha njia."

"Kuna fisi huku!"

"Felician naye alilala Tinde barabarani mpaka asubuhi." Athanas alifuta spana kwenye suruali. "Ungeniacha Nyasubi, saa hizi ungekuwa unavuka. Petroli ilikuwa inakutosha."

Akawafunga wote wawili mikono kwa kamba ya turubai, akachukua FN, akachomoa bahasha. Karatasi ilikuwa moja, imepigwa chapa. Saba, kama karani alivyoungama. Limi wa tatu.

Chini kabisa kulikuwa na jina la nane, limeongezwa kwa kalamu ya wino.

Akalisoma mara mbili. Kisha akacheka, peke yake, katikati ya mbuga.

"Wewe ni nani hasa?" Mageni aliuliza. Sauti ilikuwa imeanza kufifia.

"Muulize mwenzako akizinduka. Tangu Ushirombo alikuwa na jina langu la kweli mfukoni na mimi bega kwa bega."

Akawasha kiberiti. Alingoja hadi karatasi yote ikawa majivu, akayakanyaga topeni, akaanza kutembea kuelekea barabarani.