Viza ya Meneja

Hivi wewe, umewahi kumwonea haya mtu unayempenda? Si kumchoka wala kumchukia. Unampenda, lakini watu wakikuuliza habari zake unatazama chini.

Jijimol alikutana na Tomichan katika soko la samaki la mji wao, Kottayam, msimu wa mvua, tope limewafika watu vifundoni. Msichana alikuwa na sari nyeupe ya chuo cha uuguzi, viatu kavibeba mkononi. Kijana alivaa msuli mweupe kaukunja hadi magotini, na mikono yake ilinuka utomvu wa mpira. Wote wawili walimnyooshea mkono samaki mmoja, bapa, mwenye madoa, wa mwisho kwenye sinia.

"Kaka, huyo nimemwona mimi kwanza."

"Umemwona, ila mimi nimemshika shingo."

"Samaki ana shingo?"

Tomichan akacheka, akamwachia. "Haya mchukue, daktari. Unajua kumpika lakini?"

"Sijui," Jijimol akakiri.

"Basi huyo samaki kapata hasara. Njoo nikuelekeze."

Akamwelekeza pale pale, katikati ya kelele za wauzaji: tui zito liingie mwisho, pilipili usiiogope. Mwaka uliofuata walifunga ndoa. Tomichan alimfunga shingoni kidani kidogo cha dhahabu kwa nyuzi saba zilizochomolewa kwenye sari ya harusi aliyomnunulia mwenyewe, kama desturi ya kwao inavyotaka. Watoto hawakujaliwa. Kisha Jijimol akapata kazi Ireland, katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Cork, akaondoka na ile sari chini kabisa ya sanduku. Miaka minne ikapita. Katikati ya miaka hiyo mama yake Jijimol akapooza upande mmoja, na Tomichan akamhamishia nyumbani kwake, kitanda chake kando ya dirisha la jikoni ili aone mtu akipika.

Sasa sikiliza kosa lilivyotokea.

Jumapili baada ya misa, watu wa kwao pale Cork hukaa ukumbini nyuma ya kanisa. Kuna chai, kuna muhogo na mchuzi wa samaki, na mezani kuna kompyuta ya Dada Leelamma, muuguzi mkuu mstaafu, miwani yake ina kamba. Kila mwenye fomu huenda kwake, yeye huchapa, na waliozunguka husaidia kujibu hata wasipoulizwa. Jijimol alikwenda kuandikiwa barua ya kumwalika mumewe kwa wiki tatu.

"Mumeo anafanya kazi gani, mdogo wangu?"

Swapna, aliyekuwa kando na sahani yake, akadakia, "Usituambie kazi yake ni kuwa mume wa nesi!"

Wakaangua kicheko. Kwao, mume wa nesi ni mwanamume anayekaa nyumbani akingoja jasho la mkewe. Jijimol akacheka nao. Uso ukamwaka moto.

"Ni meneja," akasema. "Kwenye kampuni ya mpira."

Dada Leelamma akachapa. Meneja.

Wiki sita baadaye jibu likaja: ombi la viza la Tomichan limekataliwa. Maelezo ya mwalikaji na ya mwombaji juu ya kazi ya mwombaji hayalingani. Jijimol akampigia mumewe simu akiwa bado na koti mwilini.

"Baba, wametunyima."

"Najua. Walinipigia toka ubalozini. Dada mmoja, ana adabu kweli. Akaniuliza nafanya nini."

"Ukamwambia nini?"

"Nilivyo. Alfajiri nagema utomvu wa miti yangu mia mbili ya mpira. Nikirudi namwogesha mama, namgeuza, namlisha uji, halafu nawasha jiko. Akauliza, na umeneja je? Nikamwambia, dada, umekosea namba. Ndipo akanisomea barua yako."

Jijimol akakaa kitandani na koti lake.

"Mama amekula," Tomichan akasema. "Kwaheri."

Tangu siku hiyo simu zikawa hizo tu. Mama amekula. Mama amelala. Zamani alikuwa akimwita "daktari", akimwimbia vipande vya nyimbo za harusi, akimwonyesha sufuria kwenye simu ili ameze mate. Vyote vikakoma.

"Tuombe tena," Jijimol akasema siku moja.

"Mwombee huyo meneja viza. Mimi sina haja na Ulaya."

Jijimol akaamini hataki kweli. Akajiambia, mwache, umemvunja mwenyewe.

Asubuhi moja kazini alikuwa akimwogesha mzee mmoja, fundi seremala wa zamani. Alimpitishia kitambaa cha moto mgongoni taratibu, akamkausha katikati ya vidole, mahali watu husahau. Binti wa mzee alikuwa mlangoni na maua.

"Mungu akubariki," binti akasema. "Ni wangapi wanaiweza kazi hii? Lazima mumeo anajivunia."

Jijimol akainama kuokota kitambaa ambacho hakikuanguka. Hapa alikuwa akisifiwa, anavaa sare yenye jina lake kifuani. Kule mtu anayafanya hayo hayo, kwa mama ambaye hakumzaa, na yeye alimficha kama sufuria iliyoungua.

Jumapili iliyofuata alivaa sari ya harusi. Rangi ya maziwa, mapindo ya dhahabu, bado ina mikunjo ya sanduku. Alipoingia ukumbini wakampigia vigelegele wakidhani kuna sherehe. Akaenda moja kwa moja kwa Dada Leelamma, akaiweka simu mezani.

"Tomichan, upo? Nimekuweka kwa sauti. Wenzangu wote wanakusikia."

"Kuna nini? Nimeshika mwiko."

"Ushike tu. Dada, fomu mpya."

Dada Leelamma akavuta miwani. "Inauliza kama amewahi kunyimwa viza, na kwa nini. Niandike palitokea makosa ya uchapaji? Mimi nitajitwika lawama."

"Hapana. Andika nilidanganya."

Swapna akabaki na kipande cha muhogo hewani.

"Andika mume wangu si meneja. Ni mgema mpira. Anamwogesha mama yangu, anamlisha, anamgeuza usiku asipate vidonda, na mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo hiyo nilimwonea haya mbele ya watu. Andika atakuja Februari, miti ya mpira ikipukutisha majani na kupumzishwa, na dada yake atakaa na mama. Baada ya wiki tatu atarudi, maana mama hatakubali kulishwa na mkono mwingine kupita hizo wiki."

Dada Leelamma alichapa polepole, kidole kimoja kimoja. Alipomaliza akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sari.

"Kumbe hii ndiyo sababu yenyewe ya kurudi," akasema. "Wao huitafuta hiyo. Tungeiandika tangu mwanzo."

"Wangu mimi hajawahi kumwogesha hata mtoto aliyemzaa," Swapna akasema kwa sauti ndogo, akaweka muhogo chini. "Shemeji, unisamehe kwa lile neno."

Simuni palisikika kunguru, na kitu kikichemka.

"Umesikia, Tomichan?" Jijimol akauliza.

"Nimesikia. Mama naye kasikia, anauliza meneja ni nani."

Ukumbi ukacheka, na Jijimol akacheka huku machozi yakidondokea mapindo ya dhahabu.

"Usinichezee, baba. Pana mahali pa sahihi yako hapa. Unataka kuja, au hutaki? Ukisema hutaki, naifunga hii kompyuta, na sitakulaumu."

Kile kilichokuwa kikichemka kikaepuliwa. Dada Leelamma akaisogelea simu.

"Nataka, daktari," Tomichan akasema. "Toka mwaka ule wa kwanza nataka. Ila nilitaka uniite mimi. Nataka nikitoka pale uwanja wa ndege, na watu wako wote wamesimama, unishike mkono, useme, huyu ndiye."