Sauti Iliyokataa Kukatika

Kibonye kimoja tu ndicho kilicholeta matata. Ousséni alikibonyeza, sauti ya kodiani ikatoka vizuri kwenye spika, akaondoa kidole, na sauti ikaendelea. Ilikuwa mchana, mtaa mzima wa Mahabibo umejilaza kwa joto la Mahajanga, na mkewe Zaïnaba alikuwa sebuleni akipepeta mchele.

Ousséni alikuwa mpiga kinanda wa harusi, na kama wenzake wote alilaumu waya kwanza. Kinanda chake hakikuwa na sauti yake chenyewe. Kilipeleka habari tu kwenye kompyuta, kibonye hiki kimebonyezwa, kibonye hiki kimeachiwa, na programu ndiyo iliyoimba. Basi akabadilisha waya. Akahamia tundu jingine. Akaifunga programu na kuifungua upya. Ukitaka kujua ubishi wa mwanamume, mpe mashine iliyoharibika. Mwishowe alitazama kwenye skrini orodha ya habari zilizofika, akaona kila kibonye kimebonyezwa na kuachiwa, isipokuwa kile. Kile kilikuwa kimebonyezwa tu.

Akakichomoa kinanda kabisa. Sauti ikaendelea.

Hapo ndipo alipogundua kwamba hasikii tena ungo. Alichungulia sebuleni, akamkuta Zaïnaba ameketi wima, macho wazi, mikono imeganda hewani, kifua hakipandi wala hakishuki, na chumba kinanuka ramu, katika nyumba ambayo pombe haijawahi kuingia. Alirudi mbio akakata umeme. Zaïnaba akavuta pumzi ndefu, akaendelea kupepeta, akauliza kwa nini anamkodolea macho.

Ousséni alianza kuelewa. Mwezi uliopita alikuwa Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, kwenye shughuli ya tromba, ambako mizimu ya wafalme wa Kisakalava huitwa kwa kodiani na kunyweshwa ramu. Kila mzimu una wimbo wake wa kuitiwa na wimbo wake wa kuagiwa. Yeye, mtu wa swala tano, aliyaona mambo hayo ya kuchekesha. Alichotaka ni sauti ya kodiani ya mzee Mroivili, mpigaji wa shughuli hiyo, ambayo hakuna programu iliyokuwa nayo. Alirekodi wimbo wa kuitia, kisha akaondoka kuwahi boti kabla wa kuagia haujapigwa. Nyumbani aliikata sauti vipande vipande, akavitia kwenye programu yake, na kila kipande akakizungusha ili kisiishe.

Sauti hiyo aliifuta siku ileile Zaïnaba alipoganda. Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, spika ziliimba bila umeme, na Zaïnaba akaganda jikoni, mwiko mkononi.

Akampigia simu Mroivili, huku akimpepea mkewe kwa mkono mwingine.

“Umemwita mgeni, hukumuaga,” alisema mzee kwa Kimalagasi, taratibu, alipokwisha kusikia kisa.

“Nipigie huo wimbo wa kuagia, zoky, kaka yangu mkubwa, nakuomba. Mke wangu hapumui.”

“Huo hupigiwa mgeni aliyekwisha kupewa kiti, mwili wa mtu wa kukalia. Wewe ulimpa kiti gani?”

Ousséni alinong’ona kwamba alimweka kwenye kompyuta.

“Basi ndiyo maana anamtaka mkeo. Aliyemwita ndiye anayepaswa kumkalisha.”

Midomo ya Zaïnaba ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na harufu ya ramu ilikuwa nzito kiasi cha kuwasha macho, na Ousséni, ambaye alimpenda mwanamke yule kuliko kitu chochote alichowahi kupewa duniani, aliona kwamba hana muda wa kwenda Nosy Be wala wa kumtafuta fundi, akakimbilia kinanda kilichokuwa kimechomolewa, akaweka kidole juu ya kibonye kile, akasema kwa Kikomoro cha mama yake, kwa sauti ndogo:

“Mimi ndiye niliyekuita. Mwache huyu. Kaa kwangu.”

Jikoni mwiko ulianguka. Zaïnaba alikohoa, akapumua, akapumua tena, akaja akijishikilia ukutani. Alimkuta mumewe ameketi wima mbele ya kinanda. Alimwita. Alimvuta mkono, na kidole hakikutoka kwenye kibonye. Akiwa na hofu asiyojua chanzo chake, na kodiani bado inalia, alizing’oa spika zote mbili na kuzitupa uani.

Sauti ya kodiani iliendelea, nyororo, bila kukatika, ikitoka kinywani mwa Ousséni.